Gari Halikuwa Limekufa

Mumbua, Mama yangu,

Nakuandikia Jumapili mchana, wewe na mama yako mkiwa kanisani mnaombewa safari. Nilibaki nikisema goti linaniuma. Goti linaniuma kweli, huo si uongo, ila si hilo lililonibakisha. Asubuhi mlipotoka, na mimi nilitoka nyuma yenu, nikaenda Kawangware kwa miguu na kurudi. Sasa nimekaa kwenye kitanda chako maana ndipo penye mwanga wa dirisha, na nimechana kurasa za nyuma za daftari lako la Form Four. Usinigombeze.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwambia habari za joto la Mombasa, neti ya mbu, na watu wa huko wanaotaka shikamoo badala ya hiyo niaje yenu. Amekwambia mara tatu, na kesho atakwambia ya nne. Mimi nina jambo moja tu, nimelibeba miaka mitatu na limenichosha. Ni lile la siku Kioko alipokatika vidole.

Najua hupendi litajwe. Lakini leo kabla ya giza Nduku, mke wa Kioko, anakuja hapa nyumbani kukuona, na sitaki umfungulie mlango bila kujua kinachomleta. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, hata kama katikati utataka kuichana.

Unajua kwa nini nakuita Mama. Sisi Wakamba mtoto hubeba jina la mkubwa wake, na wewe una jina la mama yangu mzazi. Nilipokuwa mdogo kule Machakos sikuthubutu kumdanganya mama yangu. Alikuwa akinitazama tu, natapika kila kitu. Nimeanza na hilo ili ujue kwamba nilichokufanyia nilijua ni nini. Nilijua siku ile ile.

Ufundi wangu niliupata chini ya magari makubwa, yale ya dizeli yenye chesisi nzito kama ya lori. Wewe uliyakuta yakianza kupungua. Nilipoanza pale Kawangware 46, hayo ndiyo yaliyokuwa magari. Mwenye ploti alikuwa nalo, mkandarasi alikuwa nalo, na mtu akipata cheo kidogo serikalini jambo la kwanza ni kununua gari ambalo ukiingia lazima upande. Yalikuwa yameinuka kiasi kwamba nilijipenyeza chini bila jeki, na kule chini kila kitu kilikuwa wazi: propela, difu, springi. Yalipiga kelele kama wake wenza, na kila kelele ilikuwa na maana yake. Bushi iliyokwisha ina mlio wake, bearing ina wake, na nozeli mbovu inakohoa. Mimi nilikuwa nafumba macho nasikiliza, kisha nasema tatizo, na nikifungua nalikuta. Ndiyo maana pale base, kijiwe chetu cha mafundi, waliniita Masikio. Nilivimba kichwa kwa jina hilo, mwanangu. Hata mama yako aliniambia nimeanza kutembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Kioko alikuwa mwenzangu tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyenipokea nilipofika Nairobi, tukalala chumba kimoja Mashimoni miaka miwili kabla sijaoa. Kazi tuligawana: mimi kiti cha dereva na masikio, yeye mikono. Hujawahi kuona mikono kama ile. Alikuwa anafunga nati asiyoiona, mkono umezama hadi kiwiko, huku anasimulia mechi ya jana.

Na tulikuwa na desturi yetu. Kabla hajaingiza mkono kwenye injini aliuliza kwa sauti, "Imekufa?" Mimi nikihakikisha gari limezimwa nilijibu, "Imekufa!" Naye alisema, "Basi tuizike," ndipo anainama. Wageni walitucheka. Lakini mtu wetu hakuwahi kuumia kwa mkanda wala kwa feni. Neno langu moja lilikuwa linatosha, kwa sababu alijua nimesikiliza.

Halafu magari yakabadilika. Hayakubadilika siku moja, ndiyo maana nilipata muda wa kutosha wa kuyadharau. Dizeli ilipanda, barabara nyingi zikatiwa lami, watu wakaona hakuna haja ya kuburuta chesisi ya lori kwenda kumchukua mtoto shule. Wakaanza kuleta krosova. Mara ya kwanza kulala chini ya moja nilicheka. Juu imeinuka, ina mabega, ina sura ya ukali, lakini chini ni gari dogo la saluni tu, bodi na sakafu kitu kimoja, chesisi hakuna. Niliwaambia wenzangu huyu ni mtoto amevaa koti la babake. Walicheka, na kicheko chao kikanidanganya kwamba nimesema jambo la maana. Kisha zikaja haibridi, zenye injini na betri kubwa pamoja, na hizo sikuzicheka. Hizo nilizichukia, kwa sababu zilikuwa hazisemi kitu. Tuliziita bubu.

Wewe ndiye ulizipenda. Ulikuwa Form Three, na likizo ulikuja base kutuletea chakula, kisha huondoki. Ulikuwa na ile simu yako iliyopasuka kioo, unasoma namna injini inavyojizima yenyewe gari likitumia betri, na betri ikishuka inaamka yenyewe bila mtu kuigusa. Ulinieleza hayo yote, Mumbua. Ulinieleza zaidi ya mara moja tukitembea kurudi Kibera, na mimi nilikuwa naitikia "eeh, eeh" huku nawaza mambo yangu. Nakumbuka hata mahali tulipofika ulipokuwa unaeleza, pale kwa muuza mahindi kabla ya kuvuka Ngong Road.

Sasa ile siku. Mama Wambui, mwenye ploti tunayofanyia kazi, alikuwa ameliuza lile dizeli kubwa la marehemu mumewe. Nililitunza lile gari miaka tisa. Siku lilipoondoka nilisimama njiani kulitazama, unaweza kucheka ukitaka. Akanunua krosova ya haibridi iliyotumika Japani, nyeupe, safi, na wiki ya pili tu akaja nayo akisema mbele kuna kitu kinalia kama panya. Kioko akasema huo ni mkanda umelegea. Mama Wambui akashuka na mkoba wake, ufunguo ukiwa ndani ya mkoba, maana gari hilo huwashwa na kuzimwa kwa kitufe, mimi nikaingia kwenye kiti cha dereva. Wewe ulikuwa umesimama nje upande wa abiria, umeegemea dirisha, sahani za chakula ziko mkononi.

Kioko akafungua boneti akauliza, "Masikio, imekufa?"

Nikasikiliza. Kimya. Nikashika usukani, hautetemeki. Kwa masikio yangu hilo lilikuwa gari lililozimwa tangu jana.

"Imekufa!" nikasema.

Ndipo ukasema, "Baba, hii gari bado iko on. Cheki hiyo taa."

Kulikuwa na taa ndogo ya kijani imeandikwa READY. Niliiona, sitasema sikuiona. Nikakwambia, "Hiyo ni ya redio. Wachana nayo."

Ukasema tena, na safari hii sauti ilipanda, "Baba, zii, si ya redio, nakwambia iko on, hiyo engine inaweza—"

"Mumbua! Nyamaza watu wazima wafanye kazi."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyaandika kama yalivyotoka. Nilikuwa nimekuimbia tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku ile mkuu ndiye aliyekataa kusikia la mdogo, na aliyevunjika hakuwa mimi wala wewe. Kioko alikuwa ameshaingiza vidole kwenye mkanda kuupima. Injini ikaamka. Sitaeleza sauti ya Kioko alipolia, ulikuwepo, uliisikia. Nilikipiga kile kitufe ngumi, gari likazimika, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshapita kwenye puli.

Watu wakajaa. Mmoja alivua shati akamfunga. Mama Wambui alikuwa anarudia, "Nani amewasha hii gari? Nani amewasha gari yangu?" Wote wakageuka kunitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti, mimi ndiye Masikio, na wote walikuwa wamesikia nikisema imekufa.

Nikasema, "Ni huyu mtoto. Amegusa kitufe."

Mumbua, hukugusa. Ulikuwa nje ya gari, upande wa pili, mikono imejaa sahani. Hata mtu angetaka kufikiria kidogo angejua huwezi kufika. Lakini hakuna aliyetaka kufikiria, damu ilikuwa chini, na neno langu pale lilikuwa bado linatosha. Wewe ulinitazama. Nilidhani utasema. Nusu yangu iliomba useme. Ukaweka sahani chini polepole, ukaondoka, na nikajiambia nitakufuata jioni nikueleze.

Sikukueleza jioni ile. Kesho yake nilikuwa hospitalini na Kioko, keshokutwa nilikuwa namtafutia mtu wa kumpeleka kubadilishwa bandeji, na kila siku ilikuwa na kazi yake ya kunipa kisingizio. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na urefu wa miaka mitatu, na nimeitembea kila asubuhi kutoka hapa Laini Saba hadi Kawangware na kila jioni kurudi.

Nilijua wanavyokufanyia. Nilijua Nduku amekataa kukusalimia, hata mkikutana kwenye mlango wa kanisa. Nilijua vijana wa base walikubandika jina la Kata Vidole, na kwamba fundi yeyote akimwona msichana karibu na boneti alisema, "Mtaleta mambo ya yule wa Masikio." Niliwasikia kwa masikio yangu haya haya. Nikashika spana yangu nikaendelea. Ulipoacha kuja base nilimwambia mama yako umekua, sasa una haya.

Halafu kuna ile jioni ya mwaka jana, na hiyo ndiyo inayonisumbua kuliko siku yenyewe. Ulikuwa unaosha vyombo hapa nje kando ya mitungi, mimi nimekaa kwenye benchi navua viatu. Ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Baba, kwani niligusa?"

Treni ilikuwa inapita, mabati yote yanatetemeka, na mimi nikajifanya sijasikia. Treni ikaisha. Ukauliza tena. "Ile siku ya Uncle Kioko. Kwani kweli niligusa kitu?"

Nikakwambia, "Yaliyopita si ndwele, Mama. Tugange yajayo."

Methali nzuri nimeifanyia kazi mbaya. Nilikaa pale nikaona kwamba uongo wangu umefika mahali ambapo sikuutuma. Niliusema ili watu wa base wauamini, na sasa ulikuwa umeanza kuuamini wewe uliyekuwepo. Ulikuwa unajichungulia ndani kutafuta mkono ambao haukuwahi kunyooshwa. Ningesema neno moja tu, hapana, na usiku ule ungelala. Sikulisema. Niliingia ndani nikaomba chakula, na nilikula.

Baada ya hapo ulipoleta habari za chuo cha Mombasa, kinachofundisha haibridi na magari ya umeme, nilikataa. Unakumbuka nilivyopiga kelele. Nilisema ufundi si kazi ya msichana, nilisema hizo bubu ni fasheni zitapita, nilimpelekea hata mchungaji maneno hayo ili anisaidie kukukatalia. Ukapoteza mwaka mzima ukichaji simu za watu dukani, mpaka nilipoishiwa sababu za kukukatalia. Ukweli ni kwamba kila ulipotaja neno haibridi nilisikia kile kilio cha Kioko, na niliogopa kwamba ukijifunza vizuri, siku moja utakaa mahali, mwalimu ataeleza hiyo taa ya kijani, na utajua kwa hakika kilichotokea. Nilikuwa nakuzuia usisome ili usinijue. Nimelisema kama lilivyo, na naona aibu hata karatasi ikinitazama.

Na fasheni haikupita, kama unavyoona. Ukipita pale 46 siku hizi, yale magari ya chesisi yamebaki moja, la kubebea simiti, na mwenyewe analiuza. Vijana waliokuwa wanatupokeza spana wana mashine ya kusoma kompyuta ya gari, wanachomeka waya, wanangoja ijibu. Mama Wambui hupita na lile gari lake jeupe kimya kabisa, ananipungia mkono, anaenda kutengenezwa kwingine. Mimi nabadilisha bushi na shokabu kwa wanaonikumbuka. Sikuangushwa na magari, Mumbua. Ningeweza kujifunza, nilikuwa na mwalimu nyumbani kwangu. Lakini ningejifunza vipi kwako, na kila somo lingeanzia siku ile?

Nimechoka. Huu si uchovu wa kazi, huo naujua, unalala nao unaamka umepungua. Leo asubuhi nilipowaona mnatoka, wewe umevaa lile gauni la bluu, niliwaza kwamba kesho utapanda basi ukiwa na mzigo wangu juu ya mizigo yako, na kwamba nikiacha uondoke nao sitaweza kukutua kwa simu. Nikavaa viatu.

Kioko nilimkuta nje ya nyumba yake anasikiliza redio. Unajua sasa anauza spea za mtumba, anazipanga kwa mkono wa kushoto. Nduku akaniletea kiti na kikombe. Kikombe nikakiweka chini.

"Sijakuja kunywa chai," nikasema. "Kioko, zima hiyo redio. Mumbua hakugusa ile gari."

"Gari gani?"

"Ya Mama Wambui. Ilikuwa on tangu ifike. Mtoto aliniambia mara mbili. Nikamwambia anyamaze. Mimi ndiye nilikwambia imekufa, na nilikuwa nimeona taa."

Alitazama ule mkono wake, akaugeuza, akautazama upande wa pili. Nilikuwa tayari anitukane, nilikuwa tayari hata anipige. Aliniuliza swali moja tu: "Na mbona ulisema ni mtoto?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi? Mimi, Musyoka?" Hajawahi kuniita kwa jina langu tangu tukiwa Mashimoni. "Ungesema umekosea ningekasirika mwezi mmoja. Vidole ni vyangu. Ningekasirika, halafu tuendelee."

Nduku alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha jikoni mkononi. Akasema, "Baba Mumbua, unajua huyo mtoto alikuja hapa?"

Sikujua. Nikamwambia sijui.

"Alikuja peke yake, wiki moja baada ya Kioko kutoka hospitali. Alikuwa amebeba unga na mboga. Alisimama hapo ulipo, akasema, 'Auntie, nisameheni, ni mimi.' Na mimi nikachukua huo unga nikamrudishia, nikafunga mlango." Akaketi kwenye ngazi. "Miaka mitatu namnyima salamu mtoto wa watu, Baba Mumbua. Na ulikuwa unaniona."

Alilia, na hakunificha kwamba analia kwa hasira juu yangu. Kioko akaniambia niende nyumbani, ataniita siku akitaka kuniona. Sijui kama ataniita. Nduku ndiye aliyenisindikiza hadi njiani, si kwa wema, bali kuniuliza safari yako ni saa ngapi. Nikamwambia kesho alfajiri. Akasema basi leo leo atakuja, atakusalimia kwanza, mengine baadaye. Nikamwomba anipe nafasi nikutangulie kukwambia. Akasema, "Umekuwa na nafasi miaka mitatu, lakini haya."

Nilirudi na hayo. Kutoka Kawangware hadi hapa nilikuwa najaribu kukuona ukiwa na miaka kumi na saba, umebeba unga, unatembea njia ile ile peke yako kwenda kuomba msamaha wa kosa langu. Ulisema "ni mimi." Sijui kama ulisema hivyo kwa sababu uliniamini, au kwa sababu ulijua ukweli na ukaamua kunisitiri. Nimezigeuza zote mbili kichwani na sijui ipi inaniuma zaidi. Ukitaka kuniambia, niambie. Ukitaka kukaa nayo, ni yako.

Nawe sasa unaenda kujifunza hayo magari yasiyosema. Utayajua kuliko mimi, tayari unayajua. Siku moja utakuwa wewe uliyekaa kwenye kiti, na atakuwepo mtu mdogo kwako, mchafu, hajui hata kushika spana, atasema neno litakalokukera kwa sababu umechoka na watu wanakutazama. Kile kitu kilichopanda kifuani mwangu siku ile kitapanda na kwako, maana wewe ni damu yangu, na kichwa kigumu unacho. Sina dawa yake. Ninachojua ni kwamba kilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, na kwamba baada yake kulikuwa na nafasi nyingi za kurudi nyuma. Zilikuja kila siku. Nilidhani nikipoteza ya kwanza zote zimekwisha, na hapo ndipo nilipokosea vibaya zaidi kuliko pale kwenye kiti.

Mama yako hajui bado. Nitamwambia leo mkirudi, nikiwa naye uani, wewe ukiwa unasoma hii. Utamsikia, ukuta wetu ni bati. Usitoke kunitetea. Na kesho nikimaliza mambo ya safari nitapita base wakati wa chai, wakiwa wote, na Mama Wambui nitamtumia mtu amwite, niseme mbele yao nilichosema kwa Kioko. Watanicheka, na wale wa Kata Vidole watapata jina la kunipa mimi. Wanipe. Sikuombi ruhusa kwa hilo kwa sababu jina lako nililichafua bila kukuomba ruhusa.

Kuna jambo la mwisho, kisha nikuache. Nilikuwa nimepanga kukupa barua hii kesho kupitia dirishani, basi likianza kuondoka. Ningekuwa nimeshasema, na wewe ungekuwa umeshaenda, na hasira yako ingepoa njiani kabla haijanifikia. Niliipenda sana mipango hiyo. Kisha nikaona ni ule ule woga, umebadilisha nguo tu. Kwa hiyo nimeiweka hapa juu ya mto wako, uikute leo, ukiwa na jioni nzima ya kunitafuta.

Nitakuwa uani na mama yako, na akinifukuza nitakuwa nje karibu na reli. Njoo useme lolote. Ukipiga kelele piga, majirani wamesikia mabaya kuliko hayo. Na kama hutaki kuniona, wala hutaki nije stendi kesho, mwambie tu mama yako, atakupeleka yeye, na sitauliza kwa nini.

Nitaamka mapema hata hivyo. Nitavaa, nitakaa karibu na sanduku lako, na nitalibeba ukiniambia.

Baba yako,
Musyoka